Brashi Zangu na Maji Moto ya Mama

Nianze na kosa langu, maana nikianza na la mama nitaonekana mtoto mbaya. Siku ya mahafali ya chuo kule Nchiru niliwapaka vipodozi wasichana tisa tangu alfajiri, na brashi nzuri ya macho nilikuwa nayo moja tu. Msichana akiinuka, naifuta kwa karatasi ya msalani, naita mwingine. Nilijua kabisa kwamba huko si kusafisha. Lakini foleni ilikuwa ndefu, wazazi wamesimama mlangoni na nguo zao za kanisani, nami nikajiambia ni leo tu. Baada ya siku mbili wanne kati yao waliamka na macho mekundu, yameshikana kwa usaha. Mmoja akajipiga picha, akaitupa kwenye grupu la wanafunzi, na chini yake akaandika jina la kibanda changu cha urembo.

Jameni, watu wana mbio. Kufikia jioni kila aliyekuwa amepanga siku na mimi alikuwa ameifuta. Hata mama wa chapati wa kibanda cha pili alianza kunisalimia kwa mbali, ati ugonjwa wa macho utamrukia. Wiki tatu nilikaa kwenye kiti cha wateja nikijitazama kwenye kioo changu mwenyewe. Sikuwa na kazi nyingine niliyoijua. Kulima nilikimbia, shule niliacha, na mkono wangu ulikuwa umezoea nyuso za watu. Nililia mpaka nikajichosha.

Alibaki mteja mmoja, bibi harusi, binti wa muuza nyama, familia ya Waislamu wa upande wa Kinoru. Ile picha alikuwa ameiona. Alinipigia simu akaniambia bila kuzunguka kwamba mama yake anataka aniache, ila yeye anaupenda mkono wangu, kwa hivyo atanipa nafasi moja. Asubuhi ya harusi, kabla sijamgusa, ataziangalia brashi zangu moja moja na kuzinusa. Nikamwambia hata akitaka kuzilamba, azilambe. Akacheka. Nilipokata simu nilijua huyu akinikubali mbele ya shangazi zake wote, mji mzima utanikubali, na akinikataa, nimekwisha.

Siku moja kabla ya harusi nilibeba brashi zote kumi na nane nikapanda nazo nyumbani kwa mama, huko juu mlimani, maana mfereji wa kibandani ulikuwa umekauka. Nilizishughulikia asubuhi nzima. Maji ya vuguvugu, shampuu ya watoto kidogo kwenye kiganja, unazungusha nywele za brashi polepole mpaka povu ligeuke rangi ya udongo, unasuuza, unarudia, mpaka povu litoke jeupe. Ile shingo ya bati hailoweshwi. Ndani yake mna gundi inayoshika nywele, na maji yakiingia, hasa ya moto, gundi inaachia. Ile ya macho niliirudia mara sita, kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyonituma. Halafu nikazilaza kwenye taulo, vichwa vikining'inia nje ya ukingo wa meza. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na nilijua hazitakauka bila joto. Nikaisogeza meza jikoni, mbali kidogo na moto, nikashuka mjini, sokoni Gakoromone, kutafuta pamba na sponji mpya.

Sasa, mama yangu ni mtu wa ng'ombe. Miaka yote amepeleka maziwa kwenye kituo, na pale mpokeaji hufunua kifuniko akanusa, na mkebe ukiwa na harufu kidogo tu, maziwa yako yanarudishwa na majirani wote wanaona. Kwa mama, kitu ambacho hakijapitiwa na maji yanayotokota hakijaoshwa. Habari ya macho ya wale wasichana ilikuwa imemfikia kanisani, na ilimuuma kuliko alivyoonyesha. Akaona mtoto wake amesuuza vitu kwa maji ya vuguvugu, akanihurumia. Nilipofungua mlango alikuwa anazitoa brashi kwenye sufuria kwa mwiko, uso wote umelowa mvuke, anatabasamu.

"Nimezichemsha vile huwa nachemsha mikebe," akaniambia. "Kesho hakuna mtu atakutukana."

Nilichukua ile kubwa ya poda. Mpini ulibaki mkononi, kichwa kikadondoka. Nikachukua nyingine, nywele zake zilikuwa zimejikunja kama za kondoo. Nyingine ilikuwa na upara. Zote kumi na nane, hata moja haikupona. Nilipiga kelele. Nilimwambia mama yangu mzazi, "Umenimaliza," nikaongeza maneno mengine ambayo siyaandiki hapa. Aliokota zile nywele zilizokuwa zinaelea, akajaribu kuzirudisha kwenye shingo za bati kwa vidole vilivyoungua. Nilimwona, na bado sikuweza kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejaa shida zangu.

Brashi nzuri mimi huagiza Nairobi, na hazifiki kwa siku moja. Zile za vibandani mjini zinachoma ngozi na kumwaga nywele usoni. Niliwapigia wapambaji wenzangu. Wawili hawakushika simu, wa tatu alishika akacheka. Basi asubuhi nikaenda Kinoru na pamba, sponji na vidole vyangu kumi. Nilimweleza bibi harusi kila kitu, ukweli mtupu, mpaka mwiko. Nikamsihi, nikamwambia nitanawa mikono mbele yake na nitampaka kwa vidole. Alinisikiliza vizuri. Lakini mama yake, aliyekuwa amesimama nyuma, akasema mtu hakosi brashi zote kumi na nane kwa siku moja ila awe anaficha kitu, na shangazi mmoja alikuwa ameshampigia mpambaji mwingine. Bibi harusi akainamisha kichwa. Aliniomba nisiondoke kwa aibu, nibaki nile, nimshikie kioo.

Yule mwingine alifika mbio, ametoka kumpamba bibi harusi wa mahali pengine, akamwaga brashi zake mezani. Hakuna aliyeomba kuzinusa. Yeye hakuwa na picha kwenye grupu. Mimi nilikuwa karibu, na macho yangu ni ya kazi hiyo. Brashi ya macho ilikuwa imegandana kwa wanja, na katikati ya nywele zake kope ya mtu ilikuwa imenasa.

Maneno yalifika kwenye meno. Halafu nikajiuliza nani atanisikia; watasema ni wivu, na mama mwenye nyumba atanitoa nje mbele ya wageni. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ilikuwapo nyingine chini yake, nami niliijua wakati huohuo. Nilitaka yule mpambaji yampate yaliyonipata, na njia ya kumpata ilikuwa inapita kwenye jicho la msichana aliyeniamini. Nikanyamaza. Nikashika kioo kwa mikono miwili, nikaona kope zake zinafungwa, na brashi inapita juu yake, kushoto, kulia, kushoto tena. Alipofumbua macho aliniuliza mimi kama amependeza. Nikamwambia amependeza sana.

Bibi harusi alinipigia siku ya nne baada ya harusi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba hadi halifunguki, daktari amempa dawa, na siku mbili sasa amejifungia chumbani na pazia limeshushwa, hataki mume wake amwone. Nilimwambia pole. Nikavuta pumzi nimwambie na lile la kope niliyoiona, naye akanitangulia.

"Dada, tulikukosea," akasema. "Ulikuja na ukweli tukakudharau. Nimewaandikia watu wote kwamba mpambaji msafi hapa Meru ni wewe. Mama ananiambia nikuombe msamaha kwa niaba yake."

Nikamwambia nimewasamehe.