Beairtle Righin na Mwanamke wa Kamusi

Kijijini kwetu Konamara kuna Beairtle watatu, kwa hiyo kila mmoja amepewa neno la kumtofautisha. Huyu jirani yangu ni Beairtle Righin. Kwa lugha yetu, nyama ya kondoo mzee isiyotafunika ni righin, na mtu anayejivuta naye ni righin. Jina lilimkaa sawasawa. Miaka ishirini na miwili alikwenda kwa Saile, mwanamke aliyempenda, kila Jumapili, akanywa chai, akailalamikia mvua, akarudi kwao. Ndoa hakuitaja, kwa sababu mama yake, Baibín, alikuwa hai, na kwetu mwanamume haingizi mke katika jiko la mama yake. Husubiri mama afe kwanza. Baibín alikuwa na miaka tisini na minne na alikula vizuri. Jambo hilo liliniudhi mno, ingawa halikunihusu.

Siku moja akaja Gráinne kutoka Dublin, akikusanya maneno ya kamusi. Nikampeleka kwa Baibín. Tukamkuta Saile amekuja kumsaidia kukanda mkate, na Beairtle ameketi tu.

"Nipeni mfano wa righin," Gráinne akasema, kalamu mkononi.

"Beairtle ni righin," Saile akajibu bila kuinua macho. "Andika hivyo hivyo."

Beairtle akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Na wakiwa wengi?" Gráinne akauliza.

"Inakuwa righne. Wanaume wa nyumba hii ni righne. Baba yake naye alichumbia miaka kumi na mitano."

"Kumi na sita," Baibín akasahihisha kutoka kwenye kiti chake kando ya moto.

Gráinne akaandika, amefurahi kwelikweli. "Na mkilinganisha mtu na mtu?"

"Righne vilevile," Saile akasema, akaacha kukanda. "Ila wa kumzidi huyu simjui."

Hapo nilimhurumia. Hakuwa anatania tena.

"Mimi namzidi," Baibín akasema. "Andika, mwanangu: Baibín ni righne kuliko mwanawe. Daktari kanipima Jumanne, anasema moyo hauna neno. We Beairtle, ukinisubiri mimi utazeeka bure. Muoe mtoto wa watu."

"Na jiko, mama?"

"Jiko langu. Yeye atakuchukua wewe, mkakae kwake."

Saile akajifuta unga mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nimekubali," akasema, ingawa Beairtle alikuwa bado hajauliza.