Fundi wa Umeme na Taa ya Mama

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa mlima wetu kurudi nyumbani na stashahada, na sioni sababu ya kulisema jambo hili kwa sauti ndogo. Wengine walirithi mashamba, wengine walikuwa na wajomba maofisini. Mimi nilikuwa na mapeasi. Niliyabeba kichwani kutoka kwetu juu, mbele ya Gare, mpaka barabarani, na nilipopata nguvu nikawa nayashusha kwa lori hadi Mombo kuwauzia abiria wa mabasi. Kwa mapeasi hayo nilijilipia ada mpaka serikali ikaniona, ikanipeleka Ulaya kusomea umeme. Baada ya miaka mitatu nilirudi na suti moja, sanduku la vitabu lililotaka wanaume wawili kulinyanyua, na cheti chenye mhuri mwekundu. Mama alikitundika ukutani kando ya kalenda ya kanisa. Juu kidogo ya kalenda, kusema kweli.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kijijini kwetu hakukuwa na umeme. Nyaya ziliishia Lushoto mjini, na hata huko zilikuwa za watu wachache. Nilikuwa kama daktari wa meno katika nchi ya kuku. Hata hivyo nilikuwa na wiki sita za kukaa nyumbani kabla ya kuripoti kazini Tanga, na nilikusudia kuzitumia kusoma.

Jioni ya kwanza mama aliwasha koroboi, ile ya kopo na utambi wa kitambaa. Nikafungua kitabu. Nilipofika ukurasa wa pili pua yangu ilikuwa nyeusi ndani na nje. Nikainua macho, nikamwona mama upande wa pili wa meza ameinama mpaka kitambaa chake cha kichwa kinanuka kuungua. Kidole chake kilikuwa kinatembea polepole juu ya kitabu chembamba.

"Mama, unasoma?"

"Natafuta," alisema. "Kusoma ni kwa wale wanaoona."

Ilikuwa ile miaka ya kisomo cha watu wazima, na nchi nzima ilikuwa imeingia darasani. Mama alilima asubuhi kwenye shamba la kijiji, mchana kwenye shamba letu, na mara mbili kwa wiki, jua likielekea kuzama, aliketi na wenzake kwenye mabenchi ya kanisa mbele ya ubao. Ubaoni alizijua herufi zote, maana mwalimu alizichora kubwa kama ndama. Lakini kitabuni, alisema, zilikuwa siafu. Mtihani wa kwanza alishindwa. Wa pili ulibakiza wiki tano.

"Nikishindwa tena," aliniambia, "mwalimu atanirudisha kwa wale wa a, e, i, o, u. Sitarudi, mwanangu. Nitawaachia kitabu chao."

Na alikuwa na sababu ya kutaka kushinda. Sababu yenyewe ilikuwa mimi. Kwa miaka mitatu barua zangu alisomewa na baba mdogo, na baba mdogo husoma barua kama anahubiri, mlango wazi, akirudia sehemu tamu. Ndiyo maana mlima mzima ulijua kwamba majira yangu ya baridi ya kwanza kule Ulaya nililia. Wiki hiyohiyo niliyorudi, mama mmoja mtu mzima alinisimamisha njiani. Nikampa shikamoo yake, akaipokea vizuri, kisha akasema:

"Wewe ndiye uliyelizwa na baridi? Mtoto wa Usambara?"

"Mama, ilikuwa theluji."

"Na umande wetu ni nini, uji?"

Kwa hiyo mama alitaka barua zangu za Tanga azisome mwenyewe, mlango umefungwa. Nami, bila kuficha, nilitaka vivyo hivyo.

"Mama," nikamwambia, "mwanao ni mtaalamu wa mwanga mwenye cheti. Jambo hili niachie mimi."

Kesho yake nikateremka Lushoto kwa mzee mmoja wa Kitanga aliyekuwa na duka la vyombo na mafuta ya taa. Nilivaa ile suti. Nilipomaliza shikamoo nikamweleza nilikotoka, nilichosoma, na mhuri ulivyo mwekundu. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, akapanga bidhaa zake mezani: mishumaa, tochi, chemli mbili za utambi na kioo, kubwa na ndogo, na mwisho, kutoka rafu ya juu kabisa, karabai mpya ya pampu inayong'aa kama sufuria ya bibi harusi.

"Ya kusomea, ndugu fundi? Watu wengi huchukua chemli."

"Chemli ni ya kuendea zizini," nikasema. "Hiyo karabai ina mwanga wa mishumaa mia tatu."

"Najua. Lakini nyie watu wa huko juu, karabai huwa mnaiwasha siku gani?"

"Hii itawashwa kila siku!"

Alinitazama kidogo, akaanza kuifunga kwa gazeti. Leo naelewa kwamba yule mzee alinitupia kamba nami nikaiacha ipite. Ulaya nilikuwa nimezoea taa kuwaka bila mtu kufa.

Maana kwetu karabai ilikuwa moja tu, ya kanisa. Harusi zetu zilifungwa mchana na kwisha mchana. Karabai ilitoka kabatini kwa ajili ya msiba, ikatundikwa mlangoni kwa wafiwa ili watu wa ng'ambo ya bonde waone na wajue pa kwenda. Hatukuwa na simu wala hatukuhitaji. Mwanga mweupe ukiwaka mahali, unachukua kuni zako na unga wako, unaondoka. Hata mtoto alijua. Mimi nilijua pia, zamani, kabla kichwa changu hakijajaa nyaya.

Jioni hiyo nikamwaga spiriti, nikapiga pampu, nikaisubiri ile soksi yake ya kutoa mwanga ishike. Ikashika. Chumba kikawa cheupe, nikaona hata buibui waliokuwa wamejificha tangu enzi za Wajerumani. Kwa kuwa ilitoa joto na kelele, nikaitundika kwenye boriti ya barazani, nikamweka mama chini yake na kitabu chake, nami nikakaa na changu. Mama alitazama juu mara mbili.

"Mwanangu, haitaleta watu?"

"Italeta wadudu tu, mama. Soma."

Alikuwa hajamaliza mistari mitano aliposimamisha kidole. Bondeni palikuwa na vimulimuli vya moto, vienge vya watu wanaopanda. Kisha tukasikia sauti ya mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa ng'ambo.

"Dada yangu! Dada yangu mimi! Umeniachia nani?"

Mama akasimama na kitabu mkononi. "Nimekuachia nani kufanya nini?"

Mama mdogo alipomwona akapiga yowe lingine, kubwa kuliko la kwanza, akakaa chini palepale na unga wake kichwani. Nyuma yake walikuwa wanawake na mikungu ya ndizi, wanaume na kuni, na mzee mmoja na sepeto begani. Balozi wetu wa nyumba kumi alifika akihema, daftari kwapani.

"Poleni sana," alisema. "Nani marehemu?"

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna jina?"

"Hakuna marehemu, mzee. Tunasoma."

Balozi alinitazama, akaitazama karabai, akamtazama mama. "Mnasoma," alirudia, kama mtu anayeonja mchuzi wa chumvi nyingi. "Na mimi niandike nini?"

"Andika kwamba aliyekufa ni akili ya kijana huyu," akasema mzee wa sepeto. "Nionyesheni pa kuchimba, nisirudi bure."

Walicheka mpaka wengine wakashika nguzo za baraza. Baba mdogo naye alifika, akadai kwamba angejua mapema kama ningemwandikia barua. Lakini unga ulioletwa msibani haurudi nyumbani, wala kuni, wala ndizi. Kurudi navyo ni kubeba msiba kwenda nao kwako. Ilibidi mafiga yawekwe, bada, ugali wetu wa muhogo, isongwe, na watu washibe kwa ajili ya marehemu asiyekuwepo. Wote walishika kile cheti changu kwa zamu. Nasema bila aibu kwamba hakuna msiba uliopata kufurahisha kama ule. Mama peke yake hakucheka sana. Alikuwa ameweka kitabu chini ya kiti chake, na nikamwona anahesabu siku kwa vidole.

Usiku uliofuata tuliwasha karabai ndani, madirisha yamefungwa. Ukurasa ulimeremeta mpaka ukamtoa mama machozi, na ngurumo ya taa ikamfanya apandishe sauti kama anaita mbuzi. Nikajaribu tochi. Nilimshikia mwenyewe, nikichoka mkono maneno yakawa yanakimbia ukurasani, na betri zikafa kabla ya Jumapili. Nikajaribu mishumaa miwili. Kila mama alipopumua neno refu, mwali mmoja ulilala. Wiki moja nzima ilikuwa imekwenda.

"Kesho tunateremka wote," mama alisema. "Nawe uache suti."

Tulikwenda kwa miguu, karabai mkononi mwangu, kitabu kimefungwa kwenye pindo la kanga. Mzee wa Kitanga alimkaribisha kwa "karibu dada, habari za huko juu," na mama, baada ya kujibu habari zote moja baada ya nyingine, akatoa ombi ambalo mimi, pamoja na masomo yangu, sikuwa nimelifikiria.

"Funga milango ya duka, kaka, na dirisha. Halafu uniwashie moja moja."

Mzee alifunga. Mchana kweupe tukawa gizani, sisi watatu na harufu ya mafuta na sabuni. Aliwasha chemli kubwa. Mama akafungua kitabu, akasoma mstari, akakwama. Akaisogeza taa kushoto, akaishusha kutoka mezani akaiweka juu ya kreti la soda, akasoma tena. Akaomba ile ndogo. Mlango uligongwa na wateja, mzee akawaambia wangoje, ndani kuna mtihani. Chemli ndogo ilikuwa na mwali wa njano uliotulia, hauungurumi, hauchezi. Mama alisoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Alipofika wa tatu aligundua kwamba alikuwa ameacha kufuatisha kidole.

"Hii," alisema.

"Lakini mama, hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote," nikasema.

"Mimi siangazi bonde. Naangaza kitabu."

Mzee wa duka alikubali kuipokea tena karabai na kubadilishana, na alikuwa muungwana kiasi cha kutouliza imefanya nini huko juu, ingawa nadhani habari ilikuwa imemfikia kabla yangu.

Sasa nisionekane kwamba stashahada haikufanya kitu. Usiku ule nilimtazama mama akisoma, nikaona kwamba nusu ya mwanga inapotea inakwenda ukutani kumwangazia mjusi. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikalikata, nikalisugua kwa jivu mpaka likawa kioo, nikalikunja nusu duara na kulisimamisha nyuma ya chemli. Mwanga wote ukarudi kwenye ukurasa. Nikaukata utambi kwa mkasi ukawa sawa kama ukucha, usitoe pembe wala moshi. Kioo cha taa nikakifuta kila jioni kwa gazeti. Taa nikaiweka nyuma ya bega lake la kushoto, isimpige machoni. Hiyo ni elimu, msomaji wangu, na majirani waliokuwa wakinicheka walikuja mmoja mmoja kuomba makopo yao yakunjwe. Niliwakunjia. Yule mzee wa sepeto nilimkunjia mawili.

Mama alisoma kila usiku uliobaki. Alimaliza kitabu cha kisomo, akakirudia, akasoma kalenda ya kanisa yote na tarehe zake, akasoma mfuko wa mbolea, na usiku mmoja alisoma cheti changu akaniuliza kwa nini walikosea jina la babu. Nilikuwa nacho tangu nilipokabidhiwa kule Ulaya, sikuwa nimeona.

Siku ya mtihani nilisimama nje ya dirisha la kanisa, mahali wasiposimama watu, kwa sababu nilijua hakuna atakayemfukuza fundi wa umeme. Ndani alikaa msimamizi aliyetumwa kutoka wilayani, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Wanawake walisoma mmoja mmoja, wengine kwa kunong'ona. Zamu ya mama ilipofika alipewa karatasi ya maelezo ya kilimo cha matuta, jinsi maji ya mvua yanavyobeba udongo na jinsi ya kuyazuia. Alijua habari yote hiyo kuliko aliyeiandika. Nikaogopa kwamba angeisema kwa kichwa badala ya kuisoma.

Aliinua karatasi mbali kidogo na uso. Akasoma. Alipanda na kushuka na maneno kama mtu anayetembea njia yake mwenyewe, akipunguza mwendo kwenye yale marefu, na mahali walipoandika kwamba matuta yachimbwe kufuata mteremko badala ya kuukinga alisita, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akalisoma neno vilevile lilivyoandikwa. Nikajua hapo kwamba anasoma.

Msimamizi aliandika alama, akatabasamu, akanyoosha mkono kupokea karatasi.

"Inatosha, mama. Umefaulu. Hongera sana."

Mama hakuitoa.

"Ngoja, mwanangu," alisema. "Bado aya moja." Akaendelea kusoma.