Perpétue na Kinywaji cha Jimbo

Alhamisi ile Perpétue aliamka kwanza, kama siku zote. Ndagijimana alibaki kitandani amefumba macho. Hakuwa amelala. Alikuwa anangoja aitwe mara tatu, maana tangu waoane mkewe alimwita mara tatu, na ya tatu ndiyo iliyokuja na chai. Nje, kule Burnsville, theluji ya Machi ilikuwa imechafuka kando ya maegesho ya magari. Perpétue akaita mara moja, akaita mara mbili, kisha akasema leo chai anapewa anayesimama. Mzee akasimama.

Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yao ya mwisho ya kawaida. Kesho yake kifua kilimbana mama wa watu, na Jumapili akafia hospitalini Saint Paul. Lakini Alhamisi alikuwa mzima, mtundu kama kawaida yake, na alikuwa na safari ya kwenda shuleni.

Mambo ya shule yalianza wiki mbili nyuma. Mjukuu wao Mutesi, mtoto wa miaka kumi, alileta karatasi nyumbani. Kila mwanafunzi achunguze jimbo la Minnesota: alama zake, mahali panapojulikana, na mtu mmoja mashuhuri. Abandike yote kwenye kadibodi, na siku wazazi wakija alete kitu kimoja cha kuonyesha. Rachelle, mama yake, alishinda kazini akitunza wazee wa watu, kwa hiyo kadibodi ilitandazwa kwenye meza ya bibi.

Mutesi alisoma kwa Kiingereza, akatafsiri kwa Kiswahili cha kukwamakwama. Ndege wa jimbo ni mweusi, ana madoa meupe na macho mekundu. Perpétue akauliza kama analiwa. Haliwi. Akakunja mdomo. Ua la jimbo lina umbo la kiatu, na ukilichuma ovyo unashtakiwa. Perpétue akasema hilo si ua, ni askari. Mtu mashuhuri alikuwa mzee wa kwenye picha ya zamani, ana ndevu nyingi. Perpétue akataka kujua alikuwa na ng'ombe wangapi. Mutesi akasema kitabu hakikuandika. Bibi akasema basi umashuhuri wake bado haujathibitishwa.

Halafu mtoto akasoma kinywaji cha jimbo. Maziwa.

Perpétue akaweka kijiko chini. Akaomba asomewe tena. Yeye na mumewe walikuwa watu wa ng'ombe, wa milima ya Mulenge huko Kongo, na vita vilipowatoa alibeba vitu vitatu tu: Biblia, mtoto, na chombo cha mti cha maziwa chenye kifuniko cha kusukwa. Akamgeukia mzee.

"Baba Rachelle, miaka saba tunaishi hapa kwa adabu kama wageni. Kumbe tuko kwetu."

Kuanzia hapo hakuna aliyemweza. Wenzake Mutesi wangeleta maboksi ya maziwa ya dukani, yeye angeleta maziwa yenyewe: yaliyoganda, ndani ya chombo kilichofukizwa moshi wa majani makavu, kama inavyotakiwa. Majani hayo bibi aliyang'oa nyuma ya maegesho, yalipochungulia kwenye theluji. Akayawasha jikoni. King'ora cha moto kikalia, jengo zima likatoka nje na makoti juu ya nguo za kulalia, saa nne asubuhi. Jeptoo, jirani yao Mkenya, nesi aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka zamu, alisimama kwenye baridi akanusa hewa, akajua kila kitu. Kwao Wakalenjin nao hugandisha maziwa, ila kwenye kibuyu, tena hutia mkaa. Akasema Mama Rachelle amechoma nyumba kwa ajili ya maziwa ambayo hayajakomaa. Perpétue akamjibu kwamba yeye hajawahi kunywa maziwa yanayofanana na lami, na kwa umri wake hataanza. Wazimamoto walipofika, wanawake hao wawili walikuwa wanacheka hawawezi kusimama.

Sasa, Alhamisi ile, wakati Perpétue anaoga, Mutesi alimvuta babu yake mkono kabla basi la shule halijafika. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Mwaka uliopita watoto walicheka chakula chake mpaka akaanza kula peke yake. Wakinusa maziwa yale itakuwa hivyo tena. Bibi alete chombo, sawa, chombo ni kizuri. Lakini ndani yawemo maziwa ya dukani. Babu angeweza kubadilisha, bibi asijue.

"Tafadhali, Babu," alisema, na safari hii Kiswahili hakikukwama.

Hapo mzee akakubali.

Mtoto alipoondoka, mzee alichukua chombo mpaka kwenye sinki. Akakiinamisha. Mkono ukagoma. Ndagijimana hakusoma hata siku moja, lakini hilo alilijua kabla hajajua jina lake: maziwa hayamwagwi. Mtu wa kwao anaweza kumwaga pombe, anaweza kumwaga hata damu akatubu. Maziwa hapana. Na bafuni maji yalikuwa yanakaribia kufungwa.

Akayanywa. Lita mbili, amesimama, bila kupumzika. Akajaza chombo kwa maziwa ya kwenye frigo, akarudisha kifuniko, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyemeza godoro.

Perpétue akatoka, akamtazama kidogo zaidi ya kawaida, na mchana akamwambia avae koti. Walipopita kwa Jeptoo, ambaye ndiye angewapeleka kwa gari, Perpétue akaingia ndani peke yake na kutoka na mfuko. Tumbo la mzee lilikuwa limeanza kuzungumza.

Shuleni meza zilipangwa ukumbini. Tumbo la Ndagijimana lilinguruma mpaka mvulana wa meza ya jirani akageuka kutafuta mbwa. Mwalimu, mwanamke mrefu, alifika kwa Mutesi akasoma kadibodi. Hapo ndipo mtoto alipokumbuka alichosahau kubadilisha: kadi ambayo bibi alimwandikisha, kwamba maziwa haya yamegandishwa siku tatu na yana ladha ya moshi. Mwalimu akamiminiwa kikombe. Akanywa. Akaonja tena. Akauliza kwa upole kama haya si maziwa ya kawaida tu.

Watoto wakasogea. Mutesi akamtazama babu. Babu akatazama viatu vyake. Msichana mmoja akaanza kucheka, na uso wa Mutesi ukawa ule ule wa mwaka uliopita.

Perpétue akafungua mfuko. Akatoa chupa nzito, akaitikisa, akamimina. Yalitoka kwa mabonge, na harufu ya moshi ikajaa mezani. Mwalimu akanywa, akafumba jicho moja. Kisha akanyoosha kikombe aongezewe. Baada ya hapo watoto walipanga mstari, wakitiana ujasiri kama wanaoruka maji ya barafu, na Mutesi ndiye aliyemimina. Aliyecheka alirudi mara mbili. Mutesi alieleza ng'ombe, majani, moshi, hata king'ora cha moto, na sauti ilizidi kupanda.

Kwenye gari, wanarudi, Jeptoo akauliza yaliyokuwa kwenye chombo yalikwenda wapi, maana ile chupa aliletewa Jumanne aifiche, na hakuambiwa kwa nini. Mutesi, aliyekaa nyuma na babu, akashika mkono wa mzee akaubana.

Ndagijimana akasema aliyanywa yeye. Tamaa tu. Hakumtaja mtoto, wala hajamtaja mpaka leo.

Perpétue hakugeuka. Alipitisha chombo nyuma, akamwekea Mutesi mapajani akishike yeye, na akasema:

"Miaka arobaini na mmoja unaniibia maziwa, Baba Rachelle, na mimi nakuwekea mengine pembeni. Siku moja tu, moja, nilitaka uibe ukumbuke kufuta masharubu."