Hoja za Mgane

Jirani yangu hapa Bowie, ughaibuni, ni mzee wa Mombasa, mhafidhina wa kura na wa maneno. Kila jioni huketi barazani, akasugua magoti kwa viganja vyake vipana, akatoa hoja moja kwa sauti nzito, kisha akageuza shingo kushoto. Huko ndiko alikokuwa akiketi mkewe, Bi Nahla, mliberali aliyempinga miaka yote ya ndoa yao mpaka chai ikawapolea vikombeni. Tangu tumzike, sisi majirani tunaokwenda kumliwaza mzee huitikia kila asemalo. Juzi alilaumu serikali kuwalipia watu matibabu. Mimi ni muuguzi na sikuafiki hata kidogo, lakini nikasema, "Kweli, mzee wangu."

Alinitazama, macho yakamjaa machozi. "Mwanangu, usinikubalie kwa huruma. Marehemu alinipenda, na hili hakunikubalia hata siku moja."

Nikamwambia, "Basi umekosea, mzee. Wako wagonjwa wangu ambao wangekufa bila malipo hayo."

Alijifuta uso kwa kiganja. "Wangekufa vipi? Nieleze," akasema, sauti ingali ikitetemeka, "wala usinionee haya."