Bango la Baba Neema

Jamani, kabla hamjasikia huko mtaani Maisaka, acha niwaambie mwenyewe.

Ofisini walinipa kazi ya kuandaa kongamano la watafiti wa uraibu wa heroini na dawa kali za maumivu, kwa sababu kamati za harusi hapa Babati mwenyekiti huwa ni mimi. Mfuko wa utafiti ulilipia ukumbi na nauli, ila chakula kikapelea. Nikafanya kama tunavyofanya kwenye harusi: nikamfuata Baba Neema, mwenye duka la jumla la vinywaji, akakubali kutoa soda na pilau. Sharti lake moja tu, bango lake likae mbele. Akalitundika mwenyewe, limefunikwa kitambaa. Sikuuliza lina nini. Mchangiaji haulizwi.

Asubuhi akafika dokta kutoka ule mfuko, mama asiyecheka, aliyekuja kuamua kama watatufadhili tena. Nikampa heshima ya kuzindua bango. Alipoanza kuvuta kamba, kona ikafunuka, nikaona povu. Nikanyoosha mkono kumzuia, nikachelewa.

Kitambaa kikaanguka. Glasi ya bia, kubwa kama mlango, na maandishi chini: "Ukionja, hutaacha."

Dokta akavua miwani.

"Huyu mfadhili kaletwa na nani?"

Nikainama kama natafuta kalamu. Kule nyuma Baba Neema akasimama, uso umejaa tabasamu.

"Ni mwenyekiti wetu, dokta! Na bia zake za baridi ziko kwenye gari, kama siku zote."