Kasiksi ya Pineu

Juzi, pale Mweso, niliona mekanisye, fundi wa magari, ananyoosha kamba kandokando ya pineu, magurudumu ya gari, na harufu ya graisi ikanirudisha Kingi, kwetu.

Papa alikuwa mekanisye. Muzungu, patron wa shamba la kahawa, alimuletea kagari kekundu, kafupi, ka mbio sana. Ku kona kalikuwa kanakawia kugeuka, kanavuta upande wa bonde.

"Patron anataka kakate kona sawa kisu," Papa alisema. "Mimi njo nitakajaribu."

Mama akaangalia kule chini, ku kona ya bonde.

Papa akapima na kamba, akalegeza vise, zile skrubu, akanungunika: "Hizi pineu mbili za mbele hazipatani. Kila moja inafuata njia yake."

Kwetu, watu wakigombana, tunawapatanisha na kasiksi, pombe ya ndizi, wananywa ku kibuyu kimoja. Basi Papa alipoingia kula, nikabeba kibuyu ya Mama, nikanywesha pineu zote mbili, ninasali Baba Yetu polepole. Harufu ya ndizi ikachanganyika na ya esanse ya gari.

"Nani amemwaga pombe hapa?"

"Ni mimi, Papa. Nimezipatanisha, juu usianguke ku bonde."

"Weye mutoto! Kasiksi yangu!" Mama akalalamika ku mulango.

Papa hakucheka. Alikamata kibuyu, akanywa funda moja. "Basi na mimi nipatane nazo." Akawasha moteri.

Leo ninajua ile kazi inaitwa paralelisme, kunyoosha pineu zilingane, na kamba njo iliifanya. Siku ile tulisikia tu moteri inashuka mpaka ku kona, inapotea. Mama alinikaza mukono. Kisha ikasikika ngambo ya kona, inapanda.

"Asante, Bwana," Mama akasema, na akanywa ile kasiksi ilibakia.