Nilikosea Umri wa Mashine ya Mzee Masanja

Fimbo ya kwanza niliipiga mimi. Miaka yote watu wa Dutwa wanasema mzee Masanja aliuawa na kundi, na kundi halina jina. Uongo! Jina lipo, ni langu, na kabla ya fimbo nilikuwa nimeshamuua kwa mdomo.

Nimeshapita sabini. Mke wangu hajui haya, wanangu hawajui. Wewe usiyenijua ndiye ninayekuambia, maana kwako sina sura ya kuficha.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kuelekea mwisho wake, mche wa sabuni unakatwa vipande ndipo watu wagawiwe, na kila mwenye kitu cha chuma nyumbani anaulizwa kakipata wapi. Bariadi yetu bado ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, fundi wa baiskeli na injini za kusagia. Fundi mwingine wa injini ungempata mpaka Bariadi mjini. Nililijua hilo, na nilipenda wengine nao walijue!

Basi kiwanda kimoja cha kuchambulia pamba kilikuwa na nyumba ya wageni yenye bustani. Mashine yao ya kukata majani ikaibwa. Ilikuwa ya kijani, ya injini ya kuvuta kamba, iliyokuja mpya ndani ya kreti hata miaka mitatu haijatimia. Mtunza bustani wao, mtu pekee aliyeizoea, naye akatoweka. Na mgeni mkubwa wa serikali anakuja, majani yamefika magotini! Meneja akatuma neno vijijini kwamba mali ya umma imehujumiwa. Neno hujuma, siku zile, lilitosha kumfanya mtu mzima ajikojolee.

Siku ya tatu walinzi wa kijiji, wale wa filimbi na marungu, waliikuta mashine ya kijani kwa mzee Masanja, imefunikwa magunia ndani ya ghala la mtama. Ukapigwa mwano. Mwano ni yowe letu Wasukuma. Ukiusikia unaacha jembe, unashika silaha, unakimbia kulikolia. Asiyekwenda anahesabiwa adui, kwa hiyo tulikwenda wote.

Nilipofika uwanjani, jua la saa tisa, mzee Masanja alikuwa amekalishwa chini, mikono nyuma, kafungwa kamba ya katani. Pua ilikuwa inavuja damu na kanzu yake imechanika begani. Mkewe, mama Minza, alikuwa ameilalia ile mashine kifudifudi, wakimvuta anarudi, wakimvuta anarudi.

Mzee yule alikuwa amefanya kazi ya bustani kwa mzungu wa kilimo kabla ya Uhuru. Mzungu alipofungasha kwenda kwao akamwachia mashine pamoja na barua. Barua ililiwa na mchwa. Ikabaki mashine yenyewe iseme ni ya lini: ikiwa ni ya enzi za mzungu, mzee ni msafi, na ikiwa ni ya juzi, ni mwizi. Hakukuwa na njia ya tatu.

Kamanda wa walinzi aliitwa Ngusa. Akanishika bega.

"Fundi, sisi chuma hatukijui. Tuambie wewe. Hii ni ya zamani au ni ya juzi?"

Watu wakanyamaza kunisikiliza mimi! Nikakunja mikono ya shati taratibu, kama daktari. Mzee Masanja akainua uso.

"Mwadila, ng'wanawane," akanisalimu. Mwanangu, aliniita. Sikuitikia.

Nilichuchumaa kwenye injini. Ilikuwa ya kuvuta kamba, tangi la bati jembamba, plagi ya aina mpya. Injini za kikoloni za mashine zile nilizifahamu tangu nikijifunza kazi Mwanza, zilikuwa za kupiga kiki kwa mguu, nzito kama jiwe la kusagia. Na rangi ilikuwa mbichi, kijani kibichi.

"Rangi niliipaka mwaka jana," mzee akasema. "Ilibaki walipopaka milango ya shule. Na injini usiiangalie hiyo, ng'wanawane. Ya kwanza ilikufa. Padri wa misheni alinipa hii, ilikuwa ya pampu. Angalia chini. Angalia rola."

"Injini nani alikufungia?" nikamuuliza.

"Nilifunga mwenyewe."

Hapo ndipo shetani alipoingia. Mwenyewe! Mkata majani, asiyejua kusoma, afunge injini ya pampu kwenye mwili wa mashine nyingine, na fundi nipo hapa hapa Dutwa sikuitwa? Nikacheka. Nikawageukia watu nikasema, "Jamani, mzee anasema kafunga injini na panga lake la bustani!" Umati ukacheka nami. Tamu ilioje kuchekesha watu! Nikasimama, nikajifuta mikono, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma:

"Hii ni ya juzi. Haina hata miaka mitatu."

Makelele yaliyofuata sijayasikia tena maishani mwangu. Mama Minza walimnyanyua kwa nywele. Vijana wawili wakaipindua mashine ili waibebe, na ilipolala ubavu nikaliona tumbo lake.

Rola, lile gogo la kuviringika chini ya mashine, ilikuwa ya mbao. Mbao nyeusi, imelika katikati, imefungwa nati za vichwa vya pembe nne. Ubavuni chuma cha kuyeyusha, kizito, na vitundu vya kutilia mafuta ya kopo badala ya chuchu za grisi. Ndugu yangu, mashine ya miaka ile ya karibuni haina rola ya mbao! Ile ilikuwa ya kabla ya Uhuru, pengine ilinizidi umri mimi mwenyewe. Mtoto wa fundi angejua. Nilijua kwa kutupa jicho mara moja.

Nikafumbua mdomo. Nikaufumba.

Ningesema nini? Kwamba nimeangalia kipande kimoja nikatoa hukumu ya kitu kizima? Kwamba mkata majani alikuwa sahihi? Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikwisha kujikwaa. Nikajiambia watamchapa viboko vichache, kesho nitamnong'oneza Ngusa mambo yaishe.

Sasa walinzi wetu walikuwa na utaratibu wao. Aliyetoa neno la hatia ndiye anayeanza fimbo, ili kesho asije akaruka kwamba hakuwepo. Ngusa akanipa fimbo ya mkwaju, mbichi, nene kama kidole gumba.

"Anza, fundi."

Nilianza! Nilipiga mgongoni, na kwa sababu nilikuwa na hofu ya macho ya watu nilipiga kwa nguvu kuliko mtu mwenye hasira. Kanzu ikapasuka pamoja na ngozi. Mzee hakulia. Alisema, "Mayu!" mara moja tu, kama mtoto anayemwita mama yake.

Baada yangu walikuja wote. Marungu, mipini ya majembe, mateke. Mmoja alimkanyaga mkono uliofungwa, nikasikia mfupa unavunjika, mlio mkavu wa bua la mtama. Mwingine alimpiga rungu la sikio, damu ikatoka sikio la pili. Wanawake niliowatengenezea baiskeli za waume zao walikuwa wanamrushia mawe. Nilisimama nikiwa bado nimeshika fimbo yangu. Nyumba yake ikachomwa mchana kweupe, mtama wa mwaka mzima ukaungua na moshi wake ukanukia kama bisi, na hadi leo bisi sili.

Alipoacha kutikisika wakaacha. Walipoondoka, mama Minza na jirani mmoja wakamburuza juu ya ngozi ya ng'ombe hadi zahanati. Huko wakasema apelekwe Bariadi haraka. Ngusa akapiga marufuku baiskeli yoyote kumbeba mwizi. Kibandani kwangu kulikuwa na baiskeli nne zilizokwisha kupona! Mama Minza alikuja akasimama mlangoni, nguo imekauka damu ya mumewe.

"Fundi, nisaidie moja tu."

"Mama, wataniua na mimi," nikamjibu, nikaendelea kukaza spoku.

Siku ya nne baada ya kipigo mashine ya kiwanda ikakutwa Mwanhuzi. Mtunza bustani yule alikuwa ameivua injini akaiuza, inavuta maji kisimani. Habari ilifika mnadani, ikapita mdomo hadi mdomo, ikaenea kijiji kizima. Ngusa akaja kibandani kwangu, hakukaa.

"Neno lilikuwa lako," akasema. "Sisi tulikuuliza."

Akaondoka. Hakuna aliyekwenda kuomba radhi. Marufuku ya baiskeli ikaondolewa, lakini mzee mwenyewe akakataa kubebwa, akasema nduhu mhayo, haina neno tena, wamwache alale. Akaomba kitu kimoja, niitwe mimi.

Nilikwenda. Walikuwa wamemlaza kwa jirani, chini ya paa la nyasi. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, mkono umevimba umekuwa mweusi. Chumba kilinuka kidonda. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo, naye hakuhangaika na salamu.

"Ng'wanawane," akasema, "walipoipindua, uliiona rola?"

Sauti yake haikuwa ya hasira. Angenitukana ningepata nafuu! Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu kabla ya safari, kama ameuawa na mjinga au na mtu mwenye akili zake.

"Nilikuangalia," akaendelea. "Macho yako yalisimama pale. Uliiona?"

Mama Minza alikuwa pembeni akinitazama. Nyumba ilikuwa na watu watano.

"Sikuiona, baba. Watu walikuwa wengi. Ningeiona ningesema."

Akanitazama kwa jicho lile lililobaki. Kisha akageuza uso akaelekea ukutani. Akafa keshoye asubuhi.

Mwanawe mkubwa, Luhende, alikuwa Kimali na ng'ombe. Alifika akakuta kaburi limekwisha kufunikwa. Wiki ya pili akaja kibandani na wenzake wawili, adhuhuri, watu wakipita barabarani. Walinikaba, wakaubandika mkono wangu wa kulia juu ya fuawe langu, naye akachukua nyundo yangu. Alipiga vidole vinne, kimoja kimoja, akipumzika katikati. Nilipiga mayowe hadi sauti ikakatika. Waliokuwa wanapita waliendelea kupita, na Ngusa alikuwa mmoja wao.

Mke wangu nilimwoa baadaye, mbali na Dutwa, nikamwambia niliangukiwa na injini. Kwa mkono huu wa kushoto ndio nimelea watoto, nimelima pamba, na ndio unaoandika hapa kwa taabu. Ufundi uliisha siku ile. Lakini usinihurumie kwa vidole. Luhende alilipiza kosa alilolijua, kwamba fundi alikosea. Kosa lenyewe hakulijua, maana angelijua asingeishia mkononi.

Kukosea umri wa mashine ni kosa la mtu yeyote. Injini ilikuwa ngeni, rangi ilikuwa mpya, hata fundi aliyenifundisha Mwanza angeweza kuteleza. Lile ningeweza kusamehewa. Ninalobeba ni kile kipande kifupi cha muda, tangu mashine ilipolala ubavu hadi nilipopokea fimbo. Ningeweza kuhesabu kumi. Ningeweza kusema, "Ngojeni!"

Wewe fundi, wewe daktari, wewe mwalimu, wewe unayeulizwa mbele za watu kwa sababu wenzako hawajui, nisikilize. Usitoe neno kabla hujageuza kitu ukaona na chini yake. Na ukishalitoa, ukaona umekosea, lirudishe hapo hapo, fimbo ikiwa bado iko juu, hata wakikucheka, hata wakikugeukia wewe. Usingoje kesho kama nilivyongoja mimi. Mwenye haki ya kujibiwa ataondoka, nawe utabaki unawajibu watu ambao hawakukuuliza.

Niliiona, baba. Niliiona.